Jina Lililokuwa Chini ya Chokaa na Moshi

Kulijua jina la kwanza la bendi ya Ngurumo za Bonde kulinigharimu ngazi moja ya mkaratusi, galoni mbili za rangi nyeupe, suruali yangu ya kanisani, na komisheni ya ploti ambayo kichwani mwangu nilikuwa nimeshaila na kushiba. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau suruali.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoshika brashi, na hata ninyi wa mashine za kuchapa mabango, maana huwezi kumlaumu mtu kwa kuzaliwa stima ikiwa imeshafika. Mimi nimeandika majina ya watu hapa Eldoret tangu nikiwa na nywele. Nimeandika maduka, bucha, shule za nasari, misalaba ya makaburi na ngozi za ngoma za bendi. Kuna mlango wa choo sokoni nilioandika nikiwa bado naishi kwa mjomba, na mpaka leo WANAUME wanajua pa kuingia.

Aliyenifundisha ni Fundi Barasa, mtu mfupi aliyevaa koti la suti juu ya ovaroli ili mteja asijue aanzie wapi kumdharau. Barasa alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bei: usitaje bei kabla hujaona ukuta, na ukishauona, uutazame kwa huzuni. Mteja akiona unauhurumia ukuta wake, ataanza kuuhurumia naye, na hapo mmeshapatana nusu.

Sheria ya pili ilikuwa ya msasa. Duka likibadilisha mwenyewe, mafundi wengine walichukua kikwangulio na kuling'oa jina la zamani mpaka plasta. Barasa hakukubali. Yeye alipitisha msasa kidogo tu, kuondoa mng'aro, halafu akapaka juu. Nikamuuliza kama anaogopa vumbi. Akaniambia kwanza rangi iliyokaa ukutani imeshazoeana na ukuta, na kuing'oa ni kutafuta kazi ya plasta ambayo hatukulipwa. Pili, aliyefilisika leo anaweza kurudi kesho. Ya tatu alinipa baada ya muda mrefu, siku tuliyokuwa tunafunika jina la marehemu mmoja mwenye duka la viatu.

"Ukimkwangua mtu, umemfukuza," alisema. "Ukimfunika, amelala tu."

Nilidhani ni maneno ya mtu mvivu wa kukwangua. Mengine nitayafikia.

Msidhani nilikuwa mwanafunzi mwema. Kazi ya kwanza niliyoifanya peke yangu ilikuwa duka la vitambaa lenye milango miwili ya mbao. Jina lilikuwa refu, nikalitandaza juu ya milango yote miwili, herufi kubwa zenye kivuli, nikasimama upande wa pili wa barabara kujisifu. Asubuhi mwenye duka akafungua. Milango ikakunjwa ndani, na jina likaenda nayo. Duka lile lilikuwa na jina usiku na Jumapili tu. Barasa alipita, akasimama, akacheka mpaka koti likamtoka bega moja, kisha akanifundisha jambo ambalo hata mwenye mashine anafaa kulijua: kabla ya kuandika, muulize mwenye duka akuonyeshe linavyofunguliwa.

Sasa, hoteli. Karibu na mtaa wa West Indies kulikuwa na hoteli ya Mama Wairimu. Ninaposema hoteli simaanishi vitanda. Namaanisha chapati, maharagwe, supu ya kichwa, na chai yenye maziwa ya kweli. Nyuma ya jengo kulikuwa na ua, na uani kulikuwa na ukuta mrefu tuliouandika matangazo mara nyingi, maana wateja wengi walikula wakiutazama. Mama Wairimu alikuwa na mzaha mmoja ambao kila mtu aliuzoea bila kuuelewa. Ukiingia na kusema una njaa, alikujibu, "Piga kwanza." Tulidhani anamaanisha upige hodi, au upige foleni. Nilikula pale miaka na miaka na sikuwahi kuuliza. Mtu hahoji mzaha wa anayemwekea nyama ya ziada.

Halafu ukaja uchaguzi ule wa mwisho wa 2007, na Januari yake. Sitawaeleza moto. Wazazi wenu wanaujua, na kama hawataki kuusema wana sababu zao. Nitawaeleza kazi yangu tu. Wiki zile watu walinitafuta kuliko wakati wowote. Kila mmoja alitaka jina la ukoo wake liandikwe getini, kubwa, lisomeke kutoka mbali, ili wapitao wajue hapa ni kwa nani na wapite. Niliandika mageti kutwa nzima. Abdi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliniita niandike lake mlangoni. Yeye jamaa zake walitoka kaskazini, hakuwa upande wowote, lakini siku zile hata kutokuwa na upande kulihitaji kuandikwa. Hakuna niliyemtoza hata senti. Hiyo ndiyo kazi pekee maishani mwangu niliyofanya bila kuuhurumia ukuta.

Mama Wairimu naye aliniita, ila yeye alitaka kinyume.

"Niondolee jina mbele ya hoteli," aliniambia. "Lote."

Sitataja makabila. Majina hujitaja yenyewe, na lake lilikuwa limejitaja pale juu ya mlango miaka yote bila kumsumbua mtu. Nilifanya nilivyofundishwa: msasa kidogo, nyeupe juu. Jioni hiyohiyo alipanda lori kwenda uwanja wa maonyesho, walikokimbilia wengi, na blanketi na sufuria moja. Siku mbili baadaye hoteli ilichomwa. Nyeupe yangu haikumdanganya mtu yeyote. Paa lilianguka, kuta zikabaki.

Kutoka uwanjani alienda Nyahururu kwa binti yake, na hakurudi.

Miaka michache ikapita. Mji ukaanza kupaka rangi tena, na fundi wa mabango hujua amani imekuja kabla ya waandishi wa habari, kwa sababu watu wanaanza kutaka kivuli kwenye herufi. Vijana wa mtaa wakaunda kamati ya kuchora ukuta mkubwa wa kuwapatanisha watu, na wakachagua jambo lililoonekana halina ugomvi: historia ya Ngurumo za Bonde.

Kwa ambaye hajui, na sijui ulikuwa wapi, hiyo ni bendi yetu ya roki. Gitaa zao zililia kama msumeno wa kiwanda cha mbao uliokutana na msumari. Kutoka hapa mpaka Kitale hapakuwa na harusi iliyokamilika bila mzee fulani kulazimisha wimbo wao. Kamati ilitaka ukuta uanze na jina la kwanza la bendi, kabla haijawa Ngurumo. Kazi ikawa yangu. Na hapo nikagundua kwamba hakuna aliyelijua jina hilo, na kwamba wote walikuwa tayari kuliapia.

Mwalimu mmoja mstaafu alisema bendi ilizaliwa chuoni Chepkoilel na iliitwa kwa jina la bweni lake. Mwenye baa mmoja alisema iliitwa kwa jina la baa yake, na kwamba yuko tayari kununua rangi ya ukuta mzima kama kumbukumbu yangu itakubaliana na yake. Nilimwambia kumbukumbu yangu inauzwa kwa mita. Akauliza bei. Huyo alikuwa mteja mzuri, na bado nasikitika.

Nikapanda Kaptagat kumwona Kibor, mwimbaji wao, ambaye kati ya waanzilishi ndiye pekee aliyebaki hai. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akikamua, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, sauti imebaki kidogo tu. Alinipa maziwa ya mursik, tukazungumza habari za mvua. Nilipofika kwenye jina, aliweka ndoo chini.

"Andika Ngurumo," alisema. "Inatosha."

"Mzee, wanataka la kwanza."

"La kwanza liache."

Nilijaribu kila mlango ninaoujua. Nilimtajia bweni la mwalimu, nikamtajia ile baa, nikitumaini atakasirika na kunisahihisha. Alicheka kuhusu baa, kisha akaokota ndoo akaendelea kukamua. Nikashuka mlima nikiwa na kitabu cha kuchorea kitupu na tumbo lililojaa.

Wakati huohuo nilikuwa na kazi nyingine ya pembeni, na ndiyo ninayotaka muisikilize vizuri. Abdi alitaka ploti ya Mama Wairimu aweke godauni. Mimi nilikuwa najua nambari ya mama, kwa hiyo nikawa dalali. Nilimpigia simu Nyahururu na kupatana naye bei kama nilivyofunzwa: niliuhurumia ukuta. Nikamwambia paa halipo, kuta zimeungua, majani yamefika kiunoni. Nilitegemea abishane, maana alikuwa mwanamke aliyeweza kumfanya mwuza mkaa alie. Hakubishana.

"Uza tu, Fundi," alisema. "Huko nani bado ananijua? Nitakuja wiki ijayo kutia sahihi, nirudi siku hiyohiyo."

Bei iliyoshuka bila kubishaniwa hainipendezi. Ni kama ngazi isiyolia unapoikanyaga, hujui itavunjikia wapi. Lakini komisheni ni komisheni, nikampelekea Abdi habari.

Abdi, kwa ujanja wake, hakungoja sahihi. Alinipa galoni mbili za nyeupe nipake ule ukuta wa uani na kuandika jina la duka lake, ili wanunuzi wengine wakipita wajue tayari kuna mwenyewe. Nikaenda Jumapili kutoka kanisani moja kwa moja, na suruali ile, kwa sababu nilidhani ni kazi ya kupaka tu. Msifanye hivyo. Hakuna kazi ya kupaka tu.

Ukuta ulikuwa umebadilika tangu niuone mara ya mwisho. Moto ulikuwa umeziinua rangi za mafuta zikavimba kama chapati, na mvua za miaka ile zikaingia chini yake. Nilipitisha msasa mara moja, kidogo tu, kama Barasa alivyotaka, na ganda kubwa kama gazeti likaanguka lenyewe. Juu yake lilikuwa tangazo la soda nililoandika mimi. Chini yake la sigara, tuliloandika mimi na Barasa juu ya nyeupe aliyoipaka kabla sijaanza kazi kwake. Na chini ya sigara, kwenye plasta yenyewe, palikuwa na wekundu.

Ilikuwa rangi ya mabati. Mafundi wa zamani waliitumia walipokosa nyingine, na Barasa aliipenda kwa sababu plasta huinywa. Rangi ya mafuta hukaa juu ya ukuta kama mgeni. Ile ya mabati, plasta ikiinywa, imeshakuwa ukuta. Moto uliopita pale ulikuwa umebeba kazi yangu yote na kuiacha ile ya chini.

Neno la kwanza kuonekana lilikuwa BOYS. Nikapanda ngazi. Nikapitisha kiganja, maganda yakaanguka, ikatoka herufi R yenye mguu uliorushwa mbele kama mtu anayepiga mpira, na hapo sikuhitaji kuambiwa ni mkono wa nani. Nikajinyoosha kushoto zaidi, nikasoma WAIRIMU BOYS BAND, na chini, kwa herufi ndogo, KILA JUMAMOSI HAPA HAPA. Pembeni Barasa alikuwa amechora gitaa lenye nyuzi nyingi kuliko zinavyohitajika.

Ngazi ikachagua wakati huo kuvunjika. Nilikwenda chini na galoni zote mbili, moja ikinitangulia na nyingine ikinifuata. Nilikaa kwenye majani, mweupe kutoka kiunoni kwenda chini, nikiutazama ukuta, na nikaelewa "Piga kwanza." Walikuwa vijana wasio na senti, wanafanya mazoezi uani, wanapiga hodi mlango wa jikoni wakisema wana njaa, naye akiwaambia wapige muziki kwanza. Nikaelewa pia kwa nini Kibor aliweka ndoo chini: hilo lilikuwa jina la mtu tuliyemwacha afukuzwe.

Nikampigia mama simu palepale, vidole vikiteleza kwa rangi.

"Mama, usije kutia sahihi."

"Kwani amepandisha?"

"Hajapandisha. Jina lako limetoka ukutani. Lile la bendi."

Nilimsikia akifunga mlango.

"Barasa nilimlipa kwa chapati," alisema. "Akadai ya ziada kwa sababu ya gitaa." Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Ni wewe umeliona, Fundi. Wewe ni mmoja."

Hapo ndipo palipokuwa na shida yote. Ukutani jina lilikuwepo, lakini mama hangerudi kwa sababu ya ukuta. Alikuwa na siku chache kabla ya kutia sahihi, na alitaka kujua kama katika mji huu kuna mtu mwingine zaidi ya dalali atakayesema jina lake kwa mdomo, mchana, mbele ya watu.

Nikaipelekea kamati habari. Mwenyekiti wao, kijana mzuri mwenye rasta fupi, alikuna kichwa.

"Mzee, hiyo jina italeta stori mob, maneno mengi. Sisi tunataka amani."

"Na mnataka historia?"

"Historia yenye haina maswali."

Nilimwambia historia ya namna hiyo naiuza pia, lakini kwa bei ya juu, kwa sababu lazima niitengeneze mwanzo mpaka mwisho. Alicheka, akaniuliza nitamleta nani wa kushuhudia. Nikapanda tena Kaptagat, na safari hii sikuuliza kitu. Nilimwambia Kibor kuna kazi ya Barasa nimeiona na ningependa aione kabla mvua haijaimaliza. Akavaa koti.

Tulipofika uani kamati ilikuwa pale, na Abdi naye alikuwa amekuja kutafuta galoni zake. Kibor alisimama mbele ya ukuta na kofia mkononi. Hakuna aliyemharakisha.

"Siku zile za moto alinipigia," alisema, bila kugeuka. "Niliona jina lake kwenye simu. Nikaitazama ikilia mpaka ikanyamaza."

Nilibonyeza nambari ya Nyahururu, nikaweka spika, nikampa simu. Ililia. Kwa muda ule wote ilipokuwa ikilia yule mzee aliitazama, na nadhani alijua ni haki yake isipokewe. Ikapokewa.

"Fundi?"

"Si Fundi," alisema Kibor. "Mama, tuna njaa."

Nilisikia kuku wa Nyahururu.

"Pigeni kwanza," akasema Mama Wairimu.

Hakuwa na gitaa. Aligonga bati lililoanguka na vidole, na ile sauti iliyobaki kidogo ikaimba mstari mmoja wa wimbo ambao wote pale waliujua. Kijana wa rasta akadakia wa pili. Hata Abdi, aliyedai roki ni kelele, alikuwa anajua maneno.

Mama alikuja wiki ile kama alivyoahidi, ila hakutia sahihi. Abdi aliniambia nimemuuzia ukuta badala ya ploti, akauliza rangi yake iko wapi, nikamwonyesha suruali. Kisha wakakaa chini, yeye na mama, wakapatana bila mimi, jambo lililoniuma: yeye ataezeka jengo kwa mabati yake, na atatumia chumba cha nyuma kama stoo mpaka gharama irudi. Kwa kuwa hakuna kilichouzwa, dalali hakuwa na chake. Niliuliza mara mbili. Abdi alinijibu kwamba mlangoni mwake bado kuna jina nililoandika bila kutoza, na kwamba mtu akianza kufanya kazi za bure asishangae zikimzoea.

Hoteli ipo. Chapati zimepungua ukubwa, lakini hilo ni unga, si siasa. Ukuta wa kamati uliandikwa WAIRIMU BOYS hapo mwanzo kabisa. Maswali yalikuja kama kijana alivyohofia, na wenye kuuliza wengi huelekezwa uani wakajionee, wakifika wananunua chai. Kibor hushuka mara kwa mara. Husema ana njaa kabla ya kuvuka kizingiti.

Sasa nimestaafu, na nina jambo moja nataka mnishauri, ndiyo maana nimewaandikia.

Ule ukuta wa uani unaisha. Moto uliidhoofisha plasta, na kila msimu wa mvua tunaokota vipande. Ile R imeshapoteza mguu. Nikiurudia kwa brashi, litakuwa jina lilelile lakini mkono wangu, na mama amenikataza. Anasema, "Ukiliandika upya watasema tulilibuni." Nikipaka vanishi juu, maji yaliyo ndani ya plasta yatakosa pa kutokea na litabanduka lote siku moja. Nimefikiria paa dogo la mabati, lakini ukuta unanyonya maji kutoka chini, si juu. Na nikiliacha, wajukuu wenu watakula chai wakitazama plasta tupu, na atatokea tena mwenye baa.

Barasa alinifundisha namna ya kumfunika mtu akalala. Hakunifundisha namna ya kumweka macho. Ninyi mna dawa mpya, mna mashine, wengine mmesomea majengo. Anayejua la kufanya aje uani pale, siku yoyote isipokuwa Jumatatu. Hatutapatana bei kwanza. Ukifika, mwambie mama una njaa, na kabla hajakujibu, uwe umeshaanza kugonga meza.